Fundo la Nguo na Hukumu ya Mahakama

Kigujarati kina neno la talaka linalomfanya mfasiri aweke kalamu chini: chhutachheda, yaani ncha za nguo zilizofunguliwa. Siku ya arusi, ncha ya vazi la bibi arusi hufungwa fundo na ya bwana arusi, nao huuzunguka moto wakiwa wamefungamana. Neno lilikuwapo, na baadhi ya matabaka yalikuwa na desturi yake. Matabaka ya juu ndiyo yaliyoshikilia kuwa fundo lililoshuhudiwa na moto halina mkono wa kulifungua.

Ufalme mdogo wa Baroda uliwahi kuthubutu, ukatunga sheria ya talaka kwa Wahindu mwaka 1931. Sheria ya jumla ya India ilingoja hadi 1955. Mwaka 1976 sheria hiyo ikaongezewa kifungu cha huruma, au cha woga, hata sijui nikiiteje: hakimu aliyeombwa talaka aweza, isipokuwa kwa sababu chache, kutoa amri ya kutengana badala yake.

Huku kwetu Mabaniani, kama walivyozoea kuitwa pwani, walihesabiwa na sheria ya kikoloni ya Tanganyika kuwa ni "Waasia wasio Wakristo", jina linalomtaja mtu kwa kile asichokuwa. Kenya iliwatungia Wahindu sheria yao ya ndoa na talaka mwaka 1960, Uganda 1961. Tanzania Bara ilishika njia nyingine. Serikali ilitangaza mapendekezo yake mwaka 1969, na tarehe 1 Mei 1971 Sheria ya Ndoa ikaanza kutumika kwa wote, Mwislamu, Mkristo, Mhindu na mwenye kufuata mila.

Tumchukue mke wa Kihindu wa kubuni, mwenye duka na mumewe Ruponda, katika wilaya ya Nachingwea, mbali na Lindi na mbali zaidi na Dar es Salaam. Sheria haimlazimishi kusafiri hadi Mahakama Kuu. Hata mahakama ya mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Lakini kwanza apite kwenye baraza la usuluhishi, na hapo sheria imeruhusu jamii iliyojiundia chombo chake ikitumie, Waziri akiridhia. Ni jambo jema, na ni jambo gumu. Wazee wanaomjua ndio hao hao wanaomdai mumewe na wanaokula kwa baba yake. Hata hivyo kazi ya baraza ni kupatanisha, si kuhukumu. Likishindwa hutoa hati, naye huenda nayo mahakamani.

Akifika huko, milango ni miwili. Kwa kutengana, yatosha ndoa iwe imevunjika. Kwa talaka, lazima iwe imevunjika pasipo tumaini la kutengenezeka. Tena talaka haiombwi kabla ya miaka miwili ya ndoa, ila kwa ruhusa ya mahakama. Amri ya kutengana humwondolea wajibu wa kuishi na mume na kumhudumia, lakini humwacha mke wa mtu. Aile fahari za familia hupenda sana mlango huu! Nyumba yasema binti yetu hakuachwa, na binti hana mume wala hana ruhusa ya kumpata mwingine.

Ubora wa sheria ya 1971, kwa maoni yangu, ni kwamba haikuufanya utengano kuwa kaburi. Utengano ukidumu miaka mitatu, mahakama yaweza kuupokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kabisa. Fundo lililolegezwa leo laweza kufunguliwa kesho, wala mke halazimiki kusubiri mume amkubalie.

Na duka je? Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika Mahakama ya Rufani, alikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Mke wetu wa Ruponda hakupika tu. Alipima ufuta, akaandika madeni daftarini, akafunga mlango jioni. Daftari lile, kwa mwandiko wake, ni ushahidi.

Sheria hiyo ni ya Bara peke yake. Haikuvuka mkondo kuja Unguja.