Shahidi Aliyerudi Peke Yake

Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1982, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Kibeho, kusini mwa Rwanda, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alilala akawa kama maiti. Alikuwa amekwisha kuwaonya wakubwa wa shule kwamba ataonekana amekufa, wasiogope wala wasimzike. Kwa muda wa saa 18 hivi watu walimzunguka kitandani, wakiwemo masista, mapadri na wauguzi. Walisimulia baadaye kwamba mwili wake ulikuwa mgumu na mzito. Alipozinduka alisema Bikira Maria amemtembeza sehemu tatu, na kila Mkatoliki aliyemsikia alizitambua: jehanamu, toharani na mbinguni. Mwezi Oktoba mwaka uleule mwenzake, Nathalie Mukamazimpaka, naye alisema amefanyishwa safari kama hiyo.

Alphonsine hakufa, na hakuna aliyedai kwamba moyo wake ulisimama. Hata hivyo nimeichagua habari hii kwa sababu katika eneo letu la Maziwa Makuu sijui nyingine ya mtu "aliyekwenda akarudi" ambayo ina tarehe, mashahidi wengi na uchunguzi wa miaka. Shuhuda tunazozisikia huku Nyakabiga hazina hata kimoja. Katika mtaa huu ambamo wengi wetu tunaosoma kampasi ya Mutanga tumepanga vyumba, mikesha ya maombi ni ya kawaida, na kwenye simu zetu zinazunguka video za watu wanaosema walikufa siku mbili au tatu wakaona moto. Ukiuliza ni hospitali gani, daktari gani, mwaka gani, unaambiwa una roho ya ubishi. Mwanafunzi wa historia akileta chanzo cha namna hiyo kwa mhadhiri wake, atarudishiwa karatasi kabla ya kuketi.

Basi tuchukue habari iliyo bora, tuone inatufikisha wapi.

Kanisa halikukurupuka. Mwaka 1982 Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Tamko la mwisho lilitolewa na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini baada ya Alphonsine kusema ametokewa kwa mara ya kwanza, tarehe 28 Novemba 1981. Lilitambua waonaji watatu tu: Alphonsine, Nathalie na Marie Claire Mukangango, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuuawa. Wengine waliodai kuona waliachwa nje, akiwemo kijana Segatashya, ambaye alipoanza kusema ametokewa alikuwa hajabatizwa. Nidhamu hii naiheshimu. Lakini vipimo vya tume vilikuwa vya imani na vya tabia. Waliuliza kama wasichana wana akili timamu, kama wanasema uongo, kama maneno yao yanapingana na mafundisho. Mtu anaweza kufaulu mitihani hiyo yote mitatu, na bado tusijue kama mahali alipopaona papo.

Tena kuna jambo la ramani. Kabla ya wamisionari, Wanyarwanda waliofuata ibada ya Ryangombe (kwetu Burundi anaitwa Kiranga) walikuwa na akhera yao, na ilikuwa na anwani inayojulikana. Waliopitishwa katika ibada hiyo walikwenda kustarehe naye kwenye kilele cha Karisimbi, na wasiopitishwa walitupwa katika moto wa Nyiragongo. Mababu wa wasichana wa Kibeho waliikulia hadithi hiyo. Wajukuu wao, baada ya miongo ya katekisimu, waliona toharani. Hakuna aliyerudi kutoka Karisimbi. Ikiwa akhera ni moja, kwa nini milima yake inahama kila dini inapobadilika?

India nako ni vivyo hivyo. Mwaka 1986 watafiti Satwant Pasricha na Ian Stevenson walichapisha habari 16 za Wahindi waliosema walikufa wakarudi. Wengi wao walisimulia kwamba wajumbe wa Yama, mungu wa mauti, waliwachukua, daftari likatazamwa, ikaonekana ameletwa mtu asiye yeye, basi akarudishwa. Yeyote aliyewahi kutafuta cheti katika ofisi ya serikali ataielewa akhera hiyo mara moja. Wamarekani waliohojiwa na Raymond Moody katika kitabu chake cha 1975 hawakukuta daftari. Walikuta mwanga na ndugu zao waliotangulia.

Wapo wanaojibu kwamba hayo ni mavazi tu, na ndani yake kuna kiini kimoja kinachothibitishwa na hospitali. Hospitali zimejaribu. Nchini Uholanzi Pim van Lommel na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 344 waliorudishiwa uhai baada ya moyo kusimama, wakachapisha matokeo mwaka 2001: 62 walikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Wale 282 waliosalia hawakuwa na la kusimulia, nao hawaalikwi kwenye mikesha. Sam Parnia alikwenda mbali zaidi. Katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria ziliwekwa rafu zenye picha zinazoonekana na aliye juu tu, karibu na dari, ili anayesema roho yake ilielea juu ya kitanda aulizwe aliona picha gani. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Kati ya watu 2,060 waliosimama moyo, hakuna hata mmoja aliyeitaja picha. Kwa haki lazima niongeze kwamba wawili waliokumbuka kuona na kusikia yaliyotokea walikuwa katika vyumba visivyo na rafu, kwa hiyo jaribio halikukanusha kitu. Lilikosa tu kuthibitisha. Na shida ya saa inabaki palepale. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba ubongo wa panya huendelea kuwaka umeme kwa nguvu kwa takriban sekunde 30 baada ya moyo kusimama. Mgonjwa anayezinduka hawezi kujua kumbukumbu yake iliumbwa dakika ipi: moyo ukisimama, au ukianza tena kupiga.

Haya niliwahi kumweleza mama mwenye nyumba ninamopanga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sasa wewe mwanangu, unayesoma historia, mbona unamwamini mzee anayesema aliona malori ya 1972, humwamini huyu aliyeona mbingu? Si wote wanasema tu?" Baba yake alichukuliwa mwaka huo na hakurudi. Katika mkesha mmoja alikuwa amemsikia mtu akisema amewaona waliouawa wamevaa nguo nyeupe.

Swali lake ni zito kuliko vitabu vyote nilivyovitaja. Uasi ulioanza kusini tarehe 29 Aprili 1972 uliua watu, wengi wao Watutsi. Kisha serikali ya Micombero iliwakamata na kuwaua Wahutu, hasa waliosoma, na makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 hadi 300,000. Kwa miaka mingi karibu chote tulichokuwa nacho ni maneno ya waliosalia. Nikiyakataa maneno kwa sababu ni maneno, nimewazika tena.

Ila wazee wa 1972 hawakurudi mmoja mmoja kutoka mahali ambapo wengine hawafiki. Aliyeona lori likielekea mto Ruvubu alisema njia ipi, usiku upi, na mwingine wa kilima cha pili, asiyemjua, alisema lilipita kwake. Tena walitaja mahali panapoweza kuchimbwa. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi karibu na Ruvubu, mkoani Karuzi, ikatangaza mabaki ya watu 6,032, pamoja na risasi, nguo, miwani na rozari. Kazi ya tume hiyo inabishaniwa, na baadhi ya wanahistoria wanasema inachagua miaka ya kuisemea. Wabishane, mifupa ipo, na anayepinga anaweza kwenda kuitazama. Aliyeona mbingu hajatuachia pa kwenda na jembe.

Sisemi akhera haipo. Mimi husali, na jambo hilo haliamuliwi kwa insha. Nasema anayewaahidi wenye msiba kwamba amewaona wafu wao anatoa kitu asichoweza kuulizwa, na katika nchi yenye wafu wengi wasio na kaburi, kitu hicho kina wanunuzi.

Mama mwenye nyumba hakunijibu kuhusu nguo nyeupe. Aliniuliza zile rozari zimewekwa wapi, na kama mtu anaruhusiwa kwenda kuzitazama.