Chuo Kishiriki: Ngazi au Kamba?

Shule iliyofunguliwa Iringa mwaka 1959 ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Baada ya Uhuru ikawa Shule ya Mkwawa, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 2005 Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yatupasa tujiulize: uhusiano wa namna hii humnufaisha nani?

Tuanze na historia yetu wenyewe. Oktoba 1961 chuo chetu cha kwanza kilianza katika jengo la TANU, Dar es Salaam, kikitayarisha wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwenye shahada ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mitihani. Mwaka 1963 tuliungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 tukapata chuo kikuu chetu kamili. Uhusiano ule ulikuwa ngazi: tuliipanda, tukaiacha.

Hata hapa nchini ngazi hiyo imetumika. Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kilizaa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Muhimbili, kilichokuwa chuo kishiriki tangu 1991, kilijitegemea mwaka 2007.

Mbeya ilipita njia nyingine. Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1986 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na chuo kikuu mwaka 2012, bila kupitia ulezi wa chuo kikuu kingine.

Njia zote mbili zina faida na hatari zake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule nyingi, na walimu hawakutosha. Kungoja chuo kipya kijengwe kungewaacha watoto wa wakulima bila mwalimu. Mkwawa ilikuwa na majengo, Dar es Salaam ilikuwa na shahada. Lakini mlezi asiyetaka mtoto akue humfunga kamba. Kwa upande wa Mbeya, chuo cha ufundi kinapopanda cheo, hatari ni kumsahau fundi sanifu na kuzalisha wasimamizi wasio na wa kuwasimamia.

Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya 2005 imefungua mlango wa ushirikiano. Sheria haifundishi darasani. Kazi yetu ni kudai kila mkataba wa vyuo useme wazi: nani anaamua mitaala, nani anashika fedha, na lini chuo kidogo kitasimama kwa miguu yake.