CPAP: kuzoea mashine ya kupumulia usingizini katika Masisi na Walikale

CPAP ni mashine ndogo inayosukuma hewa ya chumbani kwa shinikizo lisilokatika, kupitia bomba na barakoa, hadi puani au mdomoni mwa mtu aliyelala, ili koo lake lisijifunge. Hutumiwa na wenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hupungua damuni, na ubongo humshtua mtu. Hapo hukoroma kwa kishindo, huvuta pumzi na kulala tena, na asubuhi hakumbuki kitu isipokuwa uchovu na kichwa kizito. Matukio hayo huhesabiwa kwa saa: kuanzia 5 ni maradhi mepesi, kuanzia 15 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni makali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu wazima karibu milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana hali hiyo. Tiba hii ilianzia Sydney, Australia, ambako daktari Colin Sullivan na wenzake walichapisha mwaka 1981 matokeo ya wagonjwa watano wa kwanza. Makala haya yanahusu kinachofuata baada ya mtu kupata mashine, yaani kuizoea, katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini. Maelekezo mengi ya watengenezaji humtwika mgonjwa mzigo wote: avumilie, ajizoeze, asikate tamaa. Huku Masisi na Walikale mzigo huo hauko begani mwake peke yake. Anayeiacha mashine mara nyingi hushindwa na betri, baridi, moshi na kukosa wa kumuuliza, kabla uvumilivu wake haujapimwa hata kidogo.

Ushahidi wa kwanza unatokana na siku za mwanzo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, ukiongozwa na Terri Weaver, ulionyesha kwamba wale watakaoitumia mashine kila usiku na wale watakaoiruka ruka huanza kutofautiana ndani ya wiki ya kwanza, karibu siku ya nne. Kipimo cha mazoea mema kilichokubalika na wengi ni saa 4 kwa usiku, katika usiku 70 kati ya 100. Wengi hawakifikii. Katika jaribio kubwa lililoitwa SAVE, lililochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha watu 2,717 wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi, wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 tu, na mashine haikupunguza mashambulizi ya moyo wala vifo vya ugonjwa wa moyo, ingawa usingizi wa mchana na kukoroma vilipungua. Mpinzani atasema hapo hapo kwamba hata penye umeme wa uhakika watu huiacha, kwa hiyo tatizo ni mgonjwa, si Masisi. Hoja hiyo inathibitisha kinyume chake. Ikiwa siku nne hadi saba za kwanza ndizo zinazoamua, basi mahali ambapo umeme hukatika usiku wa pili na barakoa huvuja usiku wa tatu bila mtu wa kuirekebisha, mgonjwa huwa amenyang'anywa siku zenyewe ambazo mazoea hujengwa. Mapitio ya majaribio mengi yameonyesha pia kwamba kumwelimisha mgonjwa, kumfuatilia na kumsaidia kubadili tabia huongeza matumizi kwa kati ya dakika 40 na 80 hivi kila usiku. Msaada kama huo hauhitaji dawa wala maabara. Unahitaji muuguzi mwenye simu na mtandao unaoshika.

Umeme ndio kikwazo cha kwanza, na unastahili hesabu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo karibu mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme, na vijijini ni wachache mno. Kituo cha Matebe, kilichofunguliwa Desemba 2015 huko Rutshuru kwa maji ya Virunga, kiliwasha sehemu za Rutshuru na baadaye Goma, lakini sehemu kubwa ya Masisi na Walikale bado hutegemea paneli za jua, jenereta, na vibanda vya kuchajisha simu sokoni. Jenereta haifai kwa kazi hii, kwa kuwa kuingurumisha usiku kucha kwa ajili ya mtu mmoja ni gharama, na moshi wake ukiingia chumbani ni sumu. Jua linafaa, mradi hesabu ifanywe kabla ya usiku wa kwanza. CPAP isiyopasha maji joto hutumia kama wati 10 hadi 30, kulingana na shinikizo na aina yake. Tuchukue 20: kwa saa 8 ni wati-saa 160. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini haifai kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600, zinazotosha usiku tatu na ushei. Ukiwasha kipasha maji, matumizi yanaweza kufika wati 60, na betri ile ile inamalizika kwa usiku mmoja na robo. Paneli ya wati 100, penye saa 4 za jua kali, huzalisha kama wati-saa 400 kabla ya hasara, na hizo zinatosha bila kipasha maji ila hazitoshi pamoja nacho. Mashine nyingi hufanya kazi kwa volti 24 au 12 za mkondo mnyoofu, hivyo kebo yake ya betri hupunguza upotevu unaotokana na kupitia inveta. Betri kuukuu ya gari, iliyotengenezwa kuwasha injini na si kushushwa polepole usiku kucha, huharibika ndani ya miezi michache, kisha lawama humwangukia mgonjwa kwamba hakuvumilia.

Hali ya nchi nayo ina neno lake, na wilaya hizi mbili hazifanani hata kidogo. Vilima vya Masisi, penye malisho ya ng'ombe na baridi ya alfajiri, hupanda kupita mita 2,000, ilhali Walikale-kati iko chini ya mita 1,000, katikati ya msitu wa mvua wa bonde la Kongo. Penye mita 2,000 hewa ina karibu asilimia 80 ya shinikizo la usawa wa bahari, na feni ya mashine lazima izunguke kwa kasi zaidi ili ifikie shinikizo lile lile, ambalo huwekwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe, na watengenezaji wengi huzithibitisha hadi kama mita 2,500. Za zamani zilitaka kurekebishwa kwa mkono, na mgonjwa anayepanda nazo kutoka Walikale hadi vilima vya Masisi huona tiba imedhoofika bila kujua sababu. Unyevu ni jambo jingine. Walikale hewa ina maji ya kutosha, na wengi wanaweza kulala bila tangi la maji kabisa. Hapo betri inapumua. Masisi pua hukauka kwa baridi, lakini tangi likitumika matone hukusanyika bombani na kumwagikia usoni alfajiri. Dawa ni rahisi: bomba lipite chini ya blanketi, na mashine iwe chini kidogo ya kichwa cha mlalaji lakini juu ya kiti, si juu ya udongo, maana hunyonya vumbi. Maji yaliyosafishwa kwa kukusanya mvuke hayapatikani kirahisi, na maji yaliyochemshwa yakapoa yanafaa, yamwagwe kila asubuhi na tangi likaushwe.

Kosa moja lazima lirekebishwe hapa, kwani ni la hatari. CPAP haitoi oksijeni. Inasukuma hewa ile ile iliyomo chumbani, na chujio lake huzuia vumbi na chembe za moshi tu, si gesi. Moto wa makaa ulioachwa ndani ili kufukuza baridi ya Masisi hutoa kaboni monoksidi, ambayo hupita kwenye chujio kana kwamba halipo. Gesi za Nyiragongo na Nyamulagira, ambazo pepo huzipeleka mara nyingi upande wa magharibi kuelekea Masisi, hupita vilevile. Tena kuna mazuku, ile gesi nzito ya kaboni dioksidi inayotulia mabondeni kati ya Goma na Sake na kuua mifugo na watu waliolala chini. Kwa aliyelazimika kulala kwenye bonde la namna hiyo, barakoa ni njia tu ya kumfikishia gesi hiyo. Kabla ya kuuliza kama mashine imepangwa vizuri, mtu aulize nini kinawaka chumbani na mahali pa kulala pako juu au chini.

Upande wa mwili na moyo una mambo yake, lakini ni mafupi kuliko watu wanavyodhani. Barakoa ivaliwe mchana kwanza, mtu ameketi, mashine ikiwaka, dakika 15 kisha 30, hadi kifua kiache kupigana na hewa. Barakoa za puani huwafaa wengi, lakini anayepumulia mdomoni, au mwenye mafua ya mara kwa mara, huhitaji inayofunika vyote viwili. Ndevu husababisha uvujaji, na kukaza mikanda kupita kiasi huzidisha vidonda bila kuuziba. Mashine zinazojipandishia shinikizo zenyewe zinafaa zaidi huku, kwa sababu vipimo vya usingizi vya maabara hufanyika katika miji mikubwa kama Nairobi, mbali na Walikale. Mtandao usipofika, kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya mashine nyingi huhifadhi saa za matumizi na uvujaji, na muuguzi anaweza kuisoma mgonjwa akifika kliniki. Na penye chumba kimoja cha familia nzima, watoto waelezwe mapema kifaa hicho ni nini, wasije wakashtuka usiku.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Masisi-kati ilichukuliwa na waasi wa M23 tarehe 4 Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Walikale-kati tarehe 19 Machi, kabla waasi hao hawajaondoka mwanzoni mwa Aprili. Nani atakubali kulala usingizi mzito, masikio karibu na feni, mahali ambapo risasi zinaweza kulia? Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mashine nyingi za sasa hazipigi kelele kuzidi mnong'ono, bomba hung'olewa kwa mkono mmoja, na mashine ina uzito wa kama kilo moja na nusu, hivyo hubebeka mkobani. Na mgonjwa asiyetibiwa si mlinzi mzuri, maana hushtuka mara kadhaa kwa saa bila kuamka kikweli, na mchana husinzia kwenye pikipiki au usukani. Hata hivyo, atakayekimbia bila mashine ajue kwamba utafiti wa Zurich uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha maradhi hurudi kamili ndani ya wiki mbili za kuacha. Siku hizo alale ubavu, ainue kichwa, aepuke dawa za usingizi na pombe jioni, iwe kasiksi au kanyanga, kwa sababu vyote hivyo hulegeza koo.

Pingamizi lingine husemwa kwa sauti ya haki: mashine hii ni anasa katika wilaya ambazo watoto hufa kwa malaria, na ambazo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limekuwa likisaidia Hospitali Kuu ya Rejea ya Masisi tangu mwaka 2007. Ni kweli kwamba fedha ya umma ianzie kwa oksijeni ya watoto wachanga na majeruhi. Hakuna anayepaswa kuipunguza ili kununua CPAP za watu wazima. Lakini swali la makala haya ni la aliyekwisha kuwa nayo, mara nyingi kutoka kwa ndugu aliye nje, na kwake gharama iliyobaki ni betri na ushauri. Kitengeneza oksijeni cha lita 5 hula wati 300 au zaidi. CPAP hula sehemu ya kumi ya hizo, hivyo mfumo wa jua wa kituo cha afya ungeweza kuchajisha betri yake mchana bila kumnyima mtoto pumzi. Na kwa kuwa neno anasa limetajwa, ifahamike kwamba bati ya Bisie, Walikale, na koltani ya Rubaya, Masisi, huishia katika solda na kapasita za vifaa vya kielektroniki vya dunia nzima, vya tiba vikiwamo. Wenye udongo huo hawaombi cha mtu wakitaka kimoja kirudi.

Anayetuma mashine iliyotumika kutoka Ulaya au Amerika aangalie kwanza chapa na toleo. Juni 2021 kampuni ya Philips ilizirudisha kutoka sokoni mashine nyingi, zikiwamo DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa sababu sifongo la ndani la kupunguza sauti liliweza kuoza na kuingia pumzini, na baadaye idadi ilipita milioni 5 duniani. Asiitume iliyomo kwenye orodha hiyo. Inayofaa aitume pamoja na barakoa mbili za saizi tofauti, machujio ya mwaka mmoja, kebo ya betri ya volti 12 na maelezo ya shinikizo aliloandikiwa mgonjwa. Na kama fedha haitoshi kwa vyote kwa mara moja, anunue betri na paneli kwanza, mashine ifuate.