SSD ya ordinatere ya ku meza: mbele ya kununua, angalia kwanza karte mere

Mu Fungurume, sekreteria, masomo na biro nyingi zinatumika na ordinatere za ku meza zenye kununuliwa okazio. Kama machine inawaka polepole ao diski inaanza kulia, fundi anatoa shauri la kuweka SSD. Ni shauri la muzuri: SSD haina sahani zenye kuzunguka, inafungua programu mbio sana. Lakini si kila SSD inaingia mu kila machine. Mutu akifika Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi kununua yenye haiingie, feza ya diski na ya transporti inapotea pamoja.

Kuko namna tatu

SATA ya inchi 2.5 ni kisanduku kidogo chenye unene wa milimita 7. Inatumia kable mbili: moja ya habari, ingine ya kurant. Mwendo wake unafika karibu megabaiti 550 kwa segonde.

M.2 SATA ni kibao chembamba chenye kuchomekwa moja kwa moja ku karte mere. Haina kable, lakini mwendo wake ni ule ule wa SATA.

M.2 NVMe iko na umbo kama la ile ya pili, lakini inapitia njia ya PCIe. Yenye PCIe 3 inaweza kufika karibu megabaiti 3500, na yenye PCIe 4 karibu 7000.

Hizi mbili za mwisho ndizo zinadanganya watu. Mara nyingi M.2 SATA iko na mapengo mawili ku meno yake, na NVMe iko na moja. Hata hivyo, macho peke yake haitoshe: etiketi ndiyo inasema kweli. Tundu la M.2 linaweza kukubali namna moja tu. Tena kuko tundu fupi la M.2 lenye kuwa la Wi-Fi. Pale diski haiingie.

Namna ya kujua karte mere

Kama machine ingali inawaka, mutu anafinya Windows na R pamoja, anaandika msinfo32, kisha anasoma jina la mutengenezaji na modele. Kama haiwake, jina linaandikwa juu ya karte mere yenyewe.

Jina la kasha haitoshe. Kwa mufano, Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 haina tundu la M.2 la diski, ni SATA tu. Mu mwaka 2023, Dell ilitumia tena jina lile lile kwa machine ingine, yenye iko na M.2. Mutu mwenye kusema mu duka «niko na 7010» bila kutaja mwaka anaweza kurudi na diski ya bure.

Urefu, mwendo na BIOS

Namba 2280 maana yake upana milimita 22, urefu milimita 80. 2242 ni urefu wa milimita 42. Shimo la vise ku karte mere linapaswa kupatana na ile namba.

NVMe ya PCIe 4 inatumika mu tundu la PCIe 3, lakini kwa mwendo wa 3. Haifae kulipa mwendo wenye machine haiwezi kufikisha. Mu machine za zamani, NVMe inaweza kuwekwa na adapta ya PCIe, lakini BIOS nyingi za zamani haziwezi kuwashia Windows pale. Kwa machine kama hiyo, SATA ya inchi 2.5 ndiyo njia salama.

Ku karte mere fulani, M.2 ikijaa, mulango moja wa SATA unazimika. Diski ya zamani ikipotea ku ekra, haijakufa: ihamishwe ku mulango mwingine.

Mbele ya kufungua kasha

Habari za lazima zikopiwe kwanza fasi ingine, sababu diski yenye kugonjwa inaweza kukufa wakati wa kazi. Kurant ikikatika katikati ya kukopi, fichie zinaweza kuharibika, onduleri inasaidia. Diski ya zamani isifutwe mpaka ile mupya ijazwe na kupimwa: kuko SSD za uongo zenye kuandikwa gigabaiti nyingi kuliko zile ziko nazo.

Mwenye kwenda kununua abebe picha ya karte mere, picha ya tundu, na jina kamili la modele. Na mbele ya kulipa, aulize kama duka linakubali kubadilisha.