Shaba Nyeusi Badala ya Makaburi ya Wapagazi

Katika kipilefti cha Barabara ya Samora, katikati ya Dar es Salaam, imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya askari wa Kiafrika aliyeinama kidogo kwa mbele, bunduki mikononi na singe ikielekea bandarini. Mchongaji wake, Mwingereza James Alexander Stevenson, aliifinyanga kwanza, kisha ikasubiwa London kwa shaba nyeusi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, ambao hauliwi na chumvi ya pwani kama chuma, bali huvaa utando wa kijani unaoukinga.

Haikuwa sanamu ya kwanza ya aina hiyo mjini. Ile ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyozinduliwa mwaka 1909, ilimweka askari Mwafrika chini ya miguu ya bwana wake akimtazama. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliiondoa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Miaka 18 baada ya uzinduzi ule, askari akawa amepandishwa juu ya jukwaa. Mpagazi hakupandishwa, ingawa maandishi yaliyotungwa na Rudyard Kipling, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanamkumbuka yeye pia.

Wapagazi, watu waliobeba mizigo ya jeshi vichwani, waliandikishwa na Waingereza kwa mamia ya maelfu, na waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kambi yao ya Dar es Salaam iliwekwa katika soko ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulijenga. Ndiyo asili ya jina la mtaa huo, Kariakoo, matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, Kikosi cha Wapagazi.

Kamisheni ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba kila marehemu akumbukwe kwa jina bila kujali cheo, ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Dar es Salaam kasoro hiyo ilijitokeza wazi mwaka 1968, makaburi ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara: katika sehemu za Waafrika hapakuwa na alama ya kaburi mojamoja, hivyo mabaki yao yakazikwa upya katika makaburi ya pamoja, kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo.