Besiboli ni Nini? Rada Kamili ya Gemu ya Kofia za NY

Ile kofia ya NY wasee huvaa mtaani ni ya New York Yankees, timu ya besiboli ya Marekani. Wengi wanaivaa na hawajui hiyo gemu inachezwa aje. Cheki rada.

Timu ni mbili, kila moja na wachezaji 9. Moja inapiga, ingine inalinda. Mrushaji anasimama karibu mita 18 na kuachilia mpira, saa zingine unapita kilomita 150 kwa saa. Mpigaji akiugonga na rungu, anachomoka mbio: beisi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi nyumbani alikoanzia. Hiyo ni pointi moja. Akiupeleka nje ya uwanja, hiyo ni homurani, anazunguka bila presha.

Straiki 3, uko auti. Auti 3, timu zinabadilishana. Kila timu ina zamu 9 za kupiga, na hakuna dakika 90. Ukiwa nyuma pointi tano, bado uko kwa gemu hadi auti ya mwisho.

Na ni ngumu, manze. Ukipiga poa mara 3 kwa 10, wewe ni mkali.

Kwa miaka mingi ligi kubwa ilifungia wachezaji weusi nje. Jackie Robinson wa Brooklyn Dodgers alivunja huo ukuta Aprili 15, 1947. Ndio maana kila tarehe hiyo, ligi nzima huvaa jezi namba yake, 42. Ukiona 42 kila mahali, sasa unajua.