Mbuga Tuliyoichungia

Nikiwaambia wajukuu zangu kwamba kesho twende mbugani, swali lao la kwanza ni kiingilio shilingi ngapi. Sisi wazee wa Bariadi neno hilo tulilijua kwa maana nyingine. Mbuga kwa Msukuma ni ile ardhi nyeusi ya bondeni, inayonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kumeza fimbo wakati wa kiangazi. Ndiko tulimako mpunga, na ndiko ng'ombe waendako nyasi zikikauka juu. Neno hilo lilizunguka nchi nzima, likaturudia limevaa sare na kushika kitabu cha risiti.

Siku hizi wazazi wa mjini husema ni vyema kuwatembeza watoto porini, kana kwamba jambo hilo limeletwa na gari. Enzi zetu mtoto hakutembezwa, alitumwa. Wavulana tulianza na ndama karibu na nyumba, kisha tukapandishwa cheo hadi ng'ombe. Wasichana waliwafuata mama zao kutafuta kuni. Mfukoni tuliweka michembe, mengine tuliyakuta njiani: furu, ukwaju, ubuyu. Kiu ilipotushika tulifukua mchanga wa mto uliokauka, tukangoja maji yajikusanye taratibu. Simpambii mtu picha. Wenzetu waliumwa na nyoka, na wengi waliikosa shule kwa ajili ya mkia wa ng'ombe. Lakini mtoto wa miaka kumi aliujua mti kwa jina na kwa dawa yake.

Pori lenyewe nalo lina historia. Watu hudhani Serengeti imekuwa vile tangu kuumbwa kwa dunia. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita huku ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu, na njaa ikafuata. Mifugo na watu walipopungua, vichaka vilisonga mbele na mbung'o wakaja navyo, wakiwa na malale. Katika miaka ya 1920 Mwingereza C.F.M. Swynnerton aliwahimiza watu wa Shinyanga kufyeka vichaka kwa maelfu ya mikono ili kumfukuza mdudu huyo. Kwa hiyo nchi wazi niliyochungia utotoni ilikuwa jasho la babu zangu, si zawadi ya maumbile peke yake.

Kisha ikaja mipaka. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ilichorwa upya na Ngorongoro ikatengwa. Mwaka 1962 Pori la Akiba la Maswa likawekwa upande wetu huu. Nyerere, aliyetoa tamko la kuwalinda wanyamapori pale Arusha mwaka 1961, anasimuliwa kuwa alisema yeye binafsi hana hamu ya kumaliza likizo yake akiwatazama mamba. Wazee wengi wa huku wangemwelewa. Mnyama alikuwa kitoweo, au jirani msumbufu wa shamba, hakuwa tamasha.

Sisemi mipaka haikufaa kitu. Bila mipaka hiyo pamba ingelimwa mpaka mlangoni kwa simba. Lakini kuna jambo ambalo waongozaji wa wageni hulisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000 tu. Kufikia mwaka 1977 walikwisha kupita 1,300,000. Sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi walichanjwa, na sotoka ikakoma kuwaambukiza nyumbu. Wingi ule unaowashangaza walimwengu ulianzia katika mistari ya ng'ombe wakingoja sindano.

Tangu mwaka 1980 vilabu vya Malihai vimewasaidia watoto wa shule kuyajua haya, na walimu wanaovisimamia wanastahili pongezi. Mimi nami nilikodi Hiace mwaka mmoja mwezi wa Juni, nikawapakia wajukuu, tukapita Lamadi hadi lango la Ndabaka. Tuliwaona nyumbu, pundamilia na viboko. Watoto walifurahi mno. Mdogo wao alitaka kushuka achume tunda aliloliona dirishani. Akaambiwa hairuhusiwi, na ni haki, kwani simba hana habari na umri wa mtu. Akaniuliza, "Guku, sasa nyinyi mlichungaje?" Nilimjibu kwa urefu mpaka dereva akazima redio asikilize.

Mahali ambapo mtoto anaweza kushuka bado papo, napo ni kwenye ngitili. Mvua zinapoanza sehemu ya malisho hufungwa, nyasi hukua bila kuguswa, na hufunguliwa kiangazi kikikaza. Ukoo huwa na yake na kijiji huwa na yake. Ufyekaji, kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 na kilimo cha pamba karibu viliumaliza utaratibu huu. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, sisi tukiwa bado mkoa mmoja na Shinyanga kabla ya Simiyu kuzaliwa mwaka 2012, uliufufua kwa kuwasikiliza wenyeji. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi. Miti iliota yenyewe kutoka visiki vya zamani, ndege wakarejea, na watoto nao.

Ngitili ya ukoo wetu si kubwa; ukitembea na mtoto wa miaka mitano mnaimaliza kabla hajaomba kubebwa. Mle ndani nimewaonyesha njia ya sungura, kiota cha mnana na shimo la nungunungu. Wadogo zangu wanataka tuigawe, kila mtu alime chake, maana wana wana wengi na bei ya shamba imepanda. Nao wana haki yao. Kikao kitakaa pamba ikishauzwa. Mimi nimekwisha kuomba nipewe kona yenye mkwaju na mifuru miwili, hata ikiwa ndogo kuliko mafungu mengine.